TAHADHARI: Anauza watoto wa mbwa wenye mvumo wa moyo na kuficha kwenye kadi

Wafugaji na wapenzi wa mbwa, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anauza watoto wa mbwa ambao daktari wa mifugo alishawasikiliza na kuwakuta na mvumo wa moyo (sauti ya ziada moyo unapodunda), halafu anaziba maandishi ya daktari kwenye kadi ndipo akukabidhi. Jina lake siliweki hapa. Kila baada ya muda anaibuka na jina jipya na namba mpya, kwa hiyo kulitaja kungewasaidia wachache tu, na mchezo huu anao yeye na wenzake. Ukiujua mchezo utamshtukia hata akija kwa sura nyingine.

Mdogo wangu alinunua kwake Maltese jike, mchangamfu, anang'ata kila kamba ya kiatu inayopita mbele yake. Kadi ya chanjo ilivutia macho: stika za dawa zimebandikwa, mihuri ipo, tarehe zipo. Akampeleka kwa daktari wake siku ileile kumfungulia faili, mtoto hana dalili yoyote. Daktari akaweka stetoskopu kifuani, akaisogeza juu zaidi, karibu na kwapa la kushoto, akatulia hapo muda mrefu kuliko kawaida. Akamwambia mdogo wangu aweke kidole palepale. Kifua kilikuwa kinatetema chini ya kidole kama koo la paka anayenguruma kwa raha.

Kisha akaomba kadi. Kwenye ukurasa wa uchunguzi wa kwanza kulikuwa na stika ya chanjo mahali pasipo pa stika, juu kabisa ya mistari ya maoni ya daktari. Akaiinua kadi mbele ya taa. Wino wa bluu ukaonekana kwa nyuma: mvumo, kushoto juu, apigwe eko (kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti). Daktari wa kwanza alifanya kazi yake. Aliyempokea huyo mtoto kutoka mezani kwake ndiye aliyeamua kwamba mnunuzi asijue.

Tulipompigia simu muuzaji hakukataa wala hakushangaa. Jibu lake alikuwa nalo mdomoni: "Watoto wote wa mbwa huwa na kasauti hako, wakikua kanaisha."

Hapo ndipo penye ujanja wote, maana maneno hayo yana ukweli ndani yake. Moyo wa mbwa mwenye afya ukisikilizwa hutoa sauti mbili kila unapodunda. Mvumo ni sauti ya damu inayopita kwa msukosuko, na mara nyingi husikika katikati ya hizo sauti mbili. Watoto wengi tu wenye afya huwa nao. Unakuwa laini, wa muda mfupi, daraja la 1 au la 2 kati ya 6, na kwa kawaida umeshatoweka mtoto anapofika miezi 5 au 6. Upo pia mvumo unaotokana na upungufu wa damu, kwa mtoto aliyeliwa na viroboto au aliyejaa minyoo ya safura. Ukimtibu, damu ikirudi, mvumo unaondoka. Kwa hiyo yeyote atakayeuliza hapa na pale atakutana na mtu mwaminifu atakayemwambia, ni kweli, wangu alikuwa nao ukaisha. Muuzaji anategemea hilo.

Ila "unaisha wenyewe" ni kauli ya aliyesikiliza, tena zaidi ya mara moja. Daraja la 1 daktari mwenyewe anahitaji chumba kimya na subira ili aupate. La 3 anausikia bila shida. La 4 ni kubwa. Kuanzia la 5 mkono unauhisi mtetemo juu ya ngozi, na la 6 linasikika hata stetoskopu ikiinuliwa kidogo kutoka kifuani. Mtoto wetu alipewa la 5. Hakuna daktari atakayekwambia la 5 usubiri lijiishie.

Na ukubwa wa sauti peke yake haukupi jibu. Tundu dogo kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo linaweza kupiga kelele nyingi huku mbwa akaishi vizuri hadi uzee. Upande wa pili, kuna kubana kwa njia ya damu chini kidogo ya vali ya aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini), tatizo linalojulikana kwa Boxer, Golden Retriever, Rottweiler na Newfoundland, ambalo linaweza kuanza na mvumo mdogo kisha likazidi kadiri mtoto anavyokua. Wengine huzimia wakikimbia, na wapo wanaoanguka na kufa ghafla bila dalili ya awali. Ndiyo maana daktari makini akisikia hata daraja la 2 anaandika, anataja umri, na anasema mrudishe nimsikilize tena. Andiko la namna hiyo halimharibii mtoto soko kwa mnunuzi mwenye akili. Kulificha ndiko kunakonipa wasiwasi kuliko mvumo wenyewe.

Wa mdogo wangu alipigwa eko na kilichokutwa ni mshipa usiofunga. Kabla ya kuzaliwa, mapafu yakiwa bado hayafanyi kazi, kuna mshipa mfupi unaounganisha aota na ateri ya mapafu ili damu iyapite pembeni. Mtoto akishazaliwa na kuanza kuvuta hewa, mshipa huo unatakiwa ujifunge ndani ya siku chache. Usipofunga, damu inavuja kwenda mapafuni kila sekunde, moyo ukibana na ukilegea, na ndiyo sababu mvumo wake haukatiki. Upande wa kushoto wa moyo unabeba mzigo usio wake hadi unachoka. Hutokea zaidi kwa majike, na Maltese, Poodle, Pomeranian na German Shepherd wamo kwenye orodha ya wanaojulikana nao.

Sasa sikilizeni hili. Mshipa huo unazibika, kwa upasuaji au kwa kifaa kidogo kinachopitishwa kwenye mshipa wa mguuni hadi ulipo mshipa huo. Ukizibwa mapema, kabla moyo haujapanuka sana, wengi wanaishi maisha ya kawaida kabisa. Ukiachwa, wengi wanaingia kwenye moyo kushindwa kazi, na sehemu kubwa hawamalizi mwaka wa kwanza. Kwa hiyo huyu bwana akibandika stika yake, pesa ndiyo hasara ndogo. Anamnyang'anya mtoto wiki ambazo zingemponya. Wa kwetu ameshazibwa na sasa amehamia kwenye miguu ya meza. Alipona kwa sababu daktari wa pili alisikiliza mahali sahihi, wala hana deni la shukrani kwa aliyemuuza.

Mbinu zake nyingine nimezikusanya kwa wanunuzi waliojitokeza tulipoanza kuuliza. Anakuharakisha umchukue mtoto kabla ya wiki 8, "kuna mwingine anakuja kesho". Anakuonya usimpeleke kliniki hadi chanjo zote ziishe, eti atabeba parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha watoto wa mbwa. Parvo ipo na inaua, hilo halina ubishi, lakini mtoto anabebwa mikononi au ndani ya kreti, hawekwi sakafuni, na kliniki yoyote inajua kumpokea hivyo. Chanjo za mwanzo huendelea hadi kama wiki 16. Ukimtii, siku unayofika kwa daktari dhamana ya afya aliyokupa ilishakufa zamani, maana dhamana yenyewe ni ya siku chache na inataka uchunguzi ufanywe na daktari anayemchagua yeye.

Lililonichefua zaidi ni lile la "mrudishe nikupe mwingine". Linasikika kama uungwana. Mnunuzi mmoja alirudisha Boxer wake aliyekutwa na mvumo, akapewa ndugu yake. Muda si mrefu akamwona yuleyule kwenye tangazo jipya, mwenye baka jeupe shingoni lililokatika upande wa kulia, jina jingine, umri umepunguzwa. Mtoto alikuwa anauzwa mara ya pili kwa familia nyingine isiyojua kitu. Akikupa ofa hiyo, kabla hujajibu omba akuandikie huyo anayerudi anakwenda wapi na atatibiwa na nani. Kwa walionisimulia, hakuna aliyepata jibu.

Mkinunua kwa yeyote, kadi msiisome kwa juu juu. Tafuteni mahali palipoandikwa moyo. "Afya njema" bila neno lolote kuhusu moyo haisemi kama kuna aliyesikiliza. Pelekeni kidole juu ya kila stika. Ukihisi kingo mbili, kuna kitu chini. Pigeni simu kliniki iliyogonga muhuri, na namba mwitafute wenyewe, msitumie anayowapa muuzaji. Kwa mbegu kama Boxer au Golden Retriever ulizeni kama baba na mama walipimwa na daktari bingwa wa moyo, maana kubana kwa njia ya damu kunarithiwa, na mama huyohuyo atapandishwa tena msimu ujao. Kwenye mkataba iandikwe kwamba mna haki ya kumpima kwa daktari wenu, na kwamba ukikutwa ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao gharama anabeba nani. Muuzaji mkweli hapati taabu na sentensi hiyo. Wapo wanaokwambia mapema: huyu ana mvumo daraja la 2, nitakaa naye hadi asikilizwe tena. Mimi huyo ningenunua kwake kesho.

Msidanganywe na uchangamfu pia. Kikohozi, kuchoka haraka, kudumaa ukimlinganisha na ndugu zake, kuhema kwa kasi akiwa amelala, ufizi wa bluu, kuzimia, hizo ni dalili za kukimbia hospitali saa hiyohiyo. Lakini wengi hawaonyeshi hata moja hadi moyo umeshachoka.

Sasa ombi kwa waliochukua watoto wa Maltese kwa muuzaji wa namna hii karibuni, hasa kama kadi ina stika kwenye ukurasa wa maoni: mpelekeni mtoto wiki hii, hata kama anaruka ukutani. Mwambieni daktari asikilize na juu kushoto, ndani ya kwapa, kwa sababu mvumo wa mshipa usiofunga unaweza kusikika eneo hilo dogo tu, na anayesikiliza chini karibu na kiwiko pekee anaweza kuukosa. Stika msiibandue nyumbani. Pigeni picha kadi ilivyo, kisha abandue daktari mbele yenu na aandike kwenye faili lake alichokikuta chini.