Rivyu ya kliniki ya kinywa na taya niliyompeleka mdogo wangu: nyota nne kati ya tano

Habarini wapendwa. Hii rivyu nimekaa nayo kama miezi miwili nikisema ntaandika ntaandika, leo nimeamua. Jina la hospitali sitaji, wala la ile zahanati tuliyoanzia, maana kuna ya kusifia na kuna ya kulalamikia na sitaki mtu aharibikiwe kazi kwa ajili yangu. Jueni tu ni hospitali kubwa ya rufaa, ya serikali, na kitengo chenyewe ni kile cha upasuaji wa kinywa na taya. Ninachopima hapa ni kitu kimoja: kutafuta ugonjwa. Habari za upasuaji siku nyingine.

Mdogo wangu ana miaka 23, fundi pikipiki huko kwetu Kilosa. Alianza kuvimba taya la chini upande wa kulia, kule nyuma kwenye magego, taratibu sana yaani hata sisi wa nyumbani hatukuona, aliyeona ni shangazi aliyekuja msibani akasema huyu mtoto mbona uso umekaa upande. Na haumuumi hata kidogo. Hapo ndo tulipopotea, kwa sababu sisi kwetu ugonjwa wa mdomo ni maumivu, ukiona hauumi unasema utaondoka wenyewe. Bibi akasema matubwitubwi. Zahanati wakasema jino. Wakamng'oa gego, wakampa amoksilini na flajili, akarudi baada ya mwezi uvimbe uko pale pale wakamng'oa la pili, dawa zile zile. Picha hakupigwa hata moja. Na lile gego la pili mimi nililiona kwa macho yangu, jino zima jeupe halina tundu, ila mizizi yake mifupi kama imekatwa na kisu. Tukalitupa. Kumbe ile mizizi ilikuwa inasema kitu, ntaeleza.

Basi mwaka na kitu ukapita, kidonda cha pale lilipong'olewa jino kikawa hakifungi vizuri, ndo nikapanda basi naye hadi rufaa.

Sasa kliniki yenyewe. Mapokezi kama kwingine, kadi, foleni, dirisha la bima, tumefika saa 12 na nusu asubuhi tumeonwa saa 5. Sitawatoa nyota kwa hilo, watu ni wengi mno na madaktari wa taya nchi hii wanahesabika. Aliyeanza kumwona ni daktari kijana, mpole, na kilichonifurahisha hakukimbilia mdomoni. Alianza kwa kumwangalia uso kwa mbali, kisha akamshika shingo kutafuta tezi, akamuuliza homa za usiku, kupungua uzito, halafu akamgusa mdomo wa chini na ncha ya pamba akamuuliza, "Hapa unasikia sawa na upande ule?" Nikauliza ya nini, akaniambia dada, mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unapita ndani ya mfupa wa taya, sasa mdomo ukifa ganzi wenyewe bila sababu sisi tunashtuka, tunaanza kuwaza saratani. Dogo alikuwa anasikia sawa. Ndo akaingiza vidole akabonyeza uvimbe kwa ndani, akamwita mkubwa wake, mkubwa naye akabonyeza, wakaangaliana. Akanipa glavu na mimi nibonyeze. Jamani, mfupa wa taya ulikuwa unabonyea kama ganda la yai, unasikia kabisa unalia chini ya kidole. Hiyo siku sijaisahau.

Wakatuma picha ya taya zima, ile wanaiita opijii, unasimama unang'ata kidude cha plastiki mashine inakuzunguka kichwa, haizidi dakika moja. Picha ikaletwa, daktari mkubwa akaiweka kwenye skrini na akageuza skrini TUONE. Hili nalitolea nyota nzima peke yake. Kwenye taya la kulia palikuwa na shimo jeusi lenye vyumba vyumba, kama povu la sabuni ulipulize, na meno yaliyopakana nalo mizizi imeliwa. Nikakumbuka lile gego tulilotupa. Akasema hivi, nanukuu kadiri ninavyokumbuka: "Mama, hii picha inanipa majina matatu. Kinyama ndo kitanipa moja. Kwa hiyo leo sikwambii jina." Kinyama ni kile kipande kidogo cha nyama wanachokata kwenye uvimbe kikapimwe maabara. Kwa kweli mimi nilizoea daktari anayejibu haraka, huyu alivyosema bado sijajua nikamwamini zaidi.

Nikambana anitajie hayo majina. La kwanza ameloblastoma. La pili keratosisti. La tatu ni aina ya uvimbe wenye seli kubwa kubwa, akasema huo haupo sana akilini mwake ila lazima auweke. Nikauliza tofauti yake nini kama vyote ni uvimbe wa taya, vitoeni tu. Hapo akakaa chini. Akaeleza kwamba keratosisti ni mfuko uliojaa kitu kama maziwa mazito, unapenda kutambaa kwa urefu ndani ya mfupa bila kuutanua sana, na matibabu yake mara nyingi unaweza kuukwangua na kuuua mabaki kwa dawa. Ameloblastoma yenyewe inatanua mfupa, inakula mizizi, na ukiikwangua tu inarudi, inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, kwa hiyo inakatwa na kipande cha mfupa mzima kuizunguka, sentimita moja hadi mbili. Sasa fikiria umemkata mtu taya kumbe ilikuwa keratosisti. Au umekwangua kumbe ameloblastoma. Akasema hata wataalamu wakubwa wa dunia hiyo keratosisti iliwasumbua, Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 waliihamisha wakaiita tyuma, yaani uvimbe unaojikuza wenyewe, 2017 wakairudisha tena kuwa sisti, yaani mfuko. Sasa kama wao wanabadilisha mimi na zahanati yetu tungejulia wapi kwa kubonyeza shavu?

Siku ya kinyama tukapewa wiki iliyofuata. Hapa nawapa sifa kwa jambo ambalo wengi wenu hamtaliona mkifika: kabla ya kukata chochote alichoma sindano kavu akavuta. Yakatoka maji ya kahawia kidogo. Akasema angevuta damu tupu angesimama hapo hapo, kwa sababu kuna uvimbe mwingine ndani ya taya ni mishipa ya damu mitupu, ukiufungua au hata uking'oa jino tu juu yake mtu anaweza kumwaga damu akafa kwenye kiti. Nilipata baridi. Dogo ameng'olewa magego mawili juu ya kitu ambacho hakuna aliyejua ni nini.

Kinyama chenyewe kilichukuliwa kwa ganzi ya kawaida, kama dakika 20, dogo alikuwa anaangalia dari tu. Walichukua sehemu mbili na kwa kina, sio pale juu panapoonekana, maana juu pale kwenye kidonda cha jino wangepata nyama iliyovimba kwa uchafu tu na majibu yangekuja "infekisheni" wakati mwizi yuko chini. Kikaingia kwenye chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike, jina, upande wa taya, tarehe, na wakaambatanisha maelezo ya picha. Hii ya chupa msiione ndogo. Kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja mkewe karudishwa mara ya pili kwa sababu huko walikotoka kinyama kiliwekwa kwenye chupa ya maji ya kawaida, kilipofika maabara kimeharibika hakisomeki. Mama wa watu akakatwa upya.

Na benchi hilo hilo ndo nilipoona kilichonifanya niandike hii rivyu kwa moyo. Aliingia mama na mtoto wa kama miaka sita, taya limevimba na meno yamelegea yanacheza, mama anasema ni wiki mbili tu. Wiki MBILI. Nesi alipomwona hakumwambia achukue namba, alimshika mkono akampitisha mbele yetu sote, na siku hiyo hiyo akatolewa kinyama na damu. Mtu mmoja akaanza kunung'unika habari za foleni, yule daktari kijana akatoka akatuambia kwa upole kwamba wanahofia Burkitt, ni saratani ya watoto inayokua kwa kasi sana, seli zake zinaweza kujizidisha maradufu ndani ya siku moja mpaka mbili, ila ikiwahiwa dawa inaiyeyusha vizuri, hata upasuaji wa taya hauhitajiki. Benchi zima tukanyamaza. Nilipofika nyumbani nikasoma zaidi, nikakuta huo ugonjwa ulitambuliwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alikuwa anawaona watoto wenye taya zilizovimba akaandika mwaka 1958, baadaye akazunguka na gari maelfu ya maili Afrika kuuliza hospitali moja moja nani ameona watoto wa hivyo, akakuta unafuata maeneo ya joto na mvua, kule kwenye malaria. Na kutoka kwenye vinyama vya watoto hao ndo 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana. Taya za watoto wa Uganda zimeufundisha ulimwengu, nasi huku bado tunang'oana meno bila picha.

Haya sasa, nyota niliyowanyima. Majibu. Tuliambiwa wiki mbili, yakaja siku ya 24. Kuchelewa kwenyewe naweza kuelewa, walinieleza kuwa kipande kimoja kilikuwa na mfupa na mfupa lazima ulainishwe kwanza kwenye dawa siku kadhaa ndo uweze kukatwa vipande vyembamba vya kuweka kwenye darubini. Sawa. Ila mbona hamkusema siku ya kwanza? Tumesafiri Kilosa kwenda na kurudi mara mbili bure, nauli na siku ya kazi ya dogo, kwa sababu simu ya kitengo haipokelewi na dirishani wanajibu "njoo Alhamisi". Na mbaya zaidi ni hili: majibu yalitolewa dirishani, karatasi ya Kiingereza, mkononi mwa dogo, bila neno. Akasoma neno moja tu analolijua, "tyuma", akakaa chini kwenye korido akaanza kulia, kijana wa miaka 23. Nilimkuta hivyo nikitoka kununua maji. Hilo hapana, jamani. Mtu asipewe karatasi ya namna ile na karani. Ni kosa la mpangilio, linarekebishika kesho asubuhi wakitaka: bahasha ifungwe, ifunguliwe mbele ya daktari, basi.

Nikaenda kumtafuta daktari mwenyewe na kwa haki yake aliacha alichokuwa anafanya. Akatupeleka mpaka maabara ya patholojia, akamwomba mpatholojia, yule daktari anayesoma vinyama, atuonyeshe. Nimeangalia kwenye darubini kwa macho yangu. Visiwa visiwa vya rangi ya waridi na zambarau, pembeni ya kila kisiwa seli zimesimama mstari kama nguzo za ua, na kiini cha kila seli kimesogea kwa ndani, kimeukimbia ukuta. Yule mama mpatholojia akasema seli za kutengeneza enameli, lile gamba gumu la nje la jino, hujipanga hivyo hivyo mtoto akiwa bado tumboni, sasa hizi zimejipanga kama zinataka kutengeneza jino na jino halitoki, zinaendelea tu kukua. Ameloblastoma, ile ya kawaida. Katikati ya visiwa seli zimelegea zimeshikana kwa nyuzi kama nyota. Dogo naye akaangalia. Akauliza, "Kwa hiyo sio kansa?" Akajibiwa kwamba haisambai mwilini isipokuwa kwa nadra sana, ila inakula taya na haina huruma ukiichezea, na kwamba baada ya upasuaji atakuwa anakuja kupigwa picha kwa miaka mingi hata akijiona mzima. Alitoka mle ndani amenyooka mgongo. Dakika kumi za kueleweshwa zilifanya kazi ambayo ile karatasi ya dirishani iliiharibu.

Kwa wanaouliza gharama, opijii na kinyama vilikubaliwa kwenye bima, siti skani ya kuandaa upasuaji tulitumwa nje kwa pesa yetu maana yao ilikuwa haifanyi kazi, na hiyo iliuma mfukoni kuliko vyote. Ulizeni kabla.

Kama unakwenda au unampeleka mtu: uvimbe mpya wanaonwa Jumanne na Alhamisi pekee, siku nyingine utazungushwa. Beba picha yoyote ya zamani hata kama imepauka, daktari alituuliza hiyo kwanza na hatukuwa nayo, kwa picha ya zamani angejua kitu kinakua kwa kasi gani. Meno yaliyong'olewa kama unayo nenda nayo. Kile kipande cha karatasi chenye namba ya kinyama kipige picha na simu, kikipotea utaanza upya mapokezi. Na ukiitiwa majibu usiyapokee dirishani, sema unataka kuyasomewa na daktari, wakikukatalia mwombe nesi mwenye miwani wa chumba cha pili, yule ndiye aliyempitisha mtoto.