Mama yangu alizuiwa langoni Malindi

Nilikusudia kuusifu mji wa Malindi peke yake, lakini kila nikianza kuandika, hasira ya pale langoni hunirudia kana kwamba ni ya jana. Ilikuwa msimu wa kaskazi, miaka michache iliyopita. Mama yangu ni mzaliwa wa Mambrui, jirani na Malindi, na hakuwa amewahi kulala hotelini maishani mwake, kwa hiyo nilimlipia chumba kinachoelekea bahari siku nyingi kabla ya safari. Familia ya Waitaliano iliyotutangulia ilifunguliwa lango kwa bashasha. Tulipofika sisi, likafungwa. Bawabu alimtazama mama kuanzia kandambili hadi leso, kisha, bila hata shikamoo, akamuuliza: "Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kulala, mwanangu," mama akajibu kwa upole, na yule kijana akacheka. Nilimwonyesha risiti kwenye simu. Akaichukua simu yenyewe, akaingia nayo ndani, akatuacha juani mpaka mama akaishiwa nguvu na kuketi juu ya begi lake, amepakata kikapu cha mahamri aliyoyakaanga alfajiri. Hakuna aliyeleta kiti.

Hayo yametendeka katika mji ambao mwaka 1498 sultani wake alimpokea Vasco da Gama, aliyetoka kukabiliwa na uhasama Mombasa, akampa na rubani wa kumvusha hadi India. Kesho yake tulisimama mbele ya ile nguzo ya Vasco da Gama iliyoko rasini, yenye msalaba wa jiwe la Lisbon, na sikuweza kuitazama kwa utulivu.

Hata hivyo, mji wenyewe sina haki ya kuulaumu. Karibu na Msikiti wa Ijumaa, penye makaburi ya nguzo, mzee mmoja aliyekuwa barazani alimsikia mama akitaja ukoo wake. Papo hapo akainuka, akampisha mahali pake, akaagiza kahawa chungu, wakaanza kuhesabiana mababu. Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa tope la Mto Sabaki, wala hatukujali. Nendeni Malindi, nasema kwa moyo mweupe.

Hoteli nayo, nikisema kweli, ilikuwa safi, na changu wa kupaka wa usiku ule hana mfano, hata nikawa karibu kuwasamehe. Ndipo meneja alipokuja kuomba radhi, akaeleza kwamba bawabu alimdhania mama kuwa mchuuzi. Basi hapo msamaha wote ukanitoka, na sitawarudia hata kwa bure, kwa sababu angekuwa mchuuzi, je, asingestahiki shikamoo na kiti? Meneja alituletea madafu mawili. Mama alimshukuru, akanywa lake; langu lilibaki mezani.