Tahadhari: fondanti ya "ndoo" inayokuja kwa mfuko usio na lebo

Waokaji wenzangu wa Nairobi, kuna mtu anauza fondanti (ule unga wa sukari uliokandwa wa kufunikia keki) kwenye magrupu ya WhatsApp, kilo shilingi 450, "ya ng'ambo, halali, moja kwa moja kutoka kwa ndoo". Picha anayotuma ni ya ndoo iliyofungwa vizuri kabisa. Utakacholetewa ni donge ndani ya mfuko wa nailoni usio na maandishi, na hata hiyo mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu 2017.

Kwa kawaida mimi hujitengenezea. Jelatini kijiko kikubwa, maji robo kikombe, glukosi nusu kikombe, glisirini kijiko, kisha sukari ya aisingi karibu kilo nzima, nakanda mpaka mikono iseme basi, naifunga, inalala hadi kesho. Nyeusi na nyekundu ndizo hununua, maana ukilazimisha rangi hizo nyumbani utamimina rangi mpaka inate kama ulimbo. Sasa Julai nikashikwa na oda mbili wikendi moja, nikasema hata nyeupe wacha ninunue. Kilo tatu. Nikalipa kwa tili ya M-Pesa kabla ya kuona mzigo. Hapo nijilaumu mwenyewe.

Boda alifika Umoja Ijumaa saa mbili usiku. Keki ni ya nikaha, South C, Jumamosi. Kufungua mfuko, harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa. Rangi si nyeupe, ni ya jino. Nilipoikanda ilimeguka kama ugali uliolala. Nikapaka mafuta kiganjani, ikalainika kidogo, nikaisukuma na kuifunika keki. Kufika saa sita, ukingo wa juu umejaa mipasuko kama ngozi ya ndovu na ubavuni inateremka. Fondanti ya kiwandani huwekwa gundi za chakula, ndiyo maana inanyooka bila kukatika. Hii haikunyooka hata kidogo.

Mipasuko ningeificha kwa maua. Kilichonimaliza ni simu ya mama ya bwana harusi: "Mwanangu, hiyo jelatini ni ya ng'ombe?" Jelatini hutoka kwa ngozi na mifupa, mara nyingi ya ng'ombe au ya nguruwe. Nikijitengenezea, nasoma pakiti, namjibu. Mfuko ule hauna hata herufi. Nikamwandikia muuzaji. "Halali kabisa madam." Nikaomba picha ya lebo ya ndoo. Tiki mbili za buluu, kimya, kisha picha yake ya wasifu ikatoweka.

Nilibandua yote usiku huo. Nikapaka krimu ya siagi, keki ikaenda hivyo, nikamrudishia mama yule 2,000 za mapambo. Alikuwa muungwana, hakulalamika, na hilo lilinichoma zaidi. Kuhusu pesa zangu, wengi wameniambia nitume ujumbe wa M-Pesa kwa 456 zirudishwe. Hiyo ni ya pesa iliyokwenda kimakosa. Mimi nilituma kwa hiari yangu, kwa mtu niliyemkusudia.

Sijasema msinunue ya kupimiwa. Kuna maduka mjini yanafungua ndoo ukiona na kukukatia kilo yako, hayo hayana neno. Anayekuuzia kwa simu, mwambie apige picha ya lebo, viungo na tarehe ya mwisho vikisomeka, kando yake karatasi yenye jina lako. Akisema imetengenezwa hapa nchini, chukua nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya KEBS, shirika la viwango, andika SM# na nambari hiyo, tuma kwa 20023 uthibitishe. Na ulipe mzigo ukiwa mkononi, boda akisubiri mlangoni.

Jana nimemwona kwenye grupu la waokaji wa Thika Road. Nambari mpya, jina jipya la kike, ndoo ni ile ile: angalia pembeni mwa picha, kuna kitambaa cha meza cha maua mekundu. Sasa kilo ameshusha hadi 420.