Dripu ya pembro (pembrolizumab) baada ya kukatwa melanoma (saratani ya ngozi): natoa nyota nne, moja nimeibana

Ninachokipima hapa sio hospitali nzima, ni yale matibabu ya mwaka mmoja unayopewa baada ya upasuaji wa melanoma, pale ambapo uvimbe umeshatolewa, skani iko safi, ila madaktari wana wasiwasi kuna vichembe vimebaki sehemu havionekani. Yangu ilikuwa kisiginoni, doa jeusi lililoanza kupasuka. Na ndio, watu weusi tunaipata, sana sana nyayoni, viganjani na chini ya kucha, sehemu ambazo hata jua halizijui. Bob Marley yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu akafariki 1981 ana miaka 36, kwa hiyo mtu asikudanganye huu ni ugonjwa wa wazungu peke yao.

Huku Uingereza walinikata, wakatoa ngozi pajani wakaziba kisigino, wakachukua na tezi ya kinenani kwenda kuipima, ikakutwa na chembe. Hapo tayari umeshaingia steji ya 3. Ndo unakalishwa chini unaambiwa uchague: dripu ya kuamsha kinga (pembro au mwenzake nivolumab), au vidonge vya dabrafenib na trametinib kama uvimbe wako una mabadiliko ya jeni iitwayo BRAF, au usitumie chochote ufuatiliwe tu kwa skani. Yangu haikuwa na BRAF, vidonge havikunihusu. Jamaa mmoja tuliyekuwa tunakutana kliniki alikuwa navyo, anasema raha yake unameza nyumbani, karaha yake homa haziishi (kwenye utafiti wa vidonge hivyo zaidi ya nusu walipata homa), halafu dabrafenib asubuhi na jioni tumbo tupu, trametinib mara moja kwa siku na inalala kwenye friji.

Dripu yenyewe haina maajabu. Kabla ya siku yako unatoa damu, nesi anakupigia anakuuliza yaleyale, unaharisha? unakohoa? una vipele? kichwa je? siku ikifika unakaa kwenye kiti kikubwa, unaloweka mkono kwenye beseni la maji ya moto ili mshipa ujitokeze, wanachoma kanula (kimrija cha mshipani), nusu saa dawa imeisha, wanasukumia maji ya chumvi, haya nenda nyumbani. Nywele hazinyonyoki maana hii sio kemo. Mimi nilipewa miligramu 400 kila wiki 6, kuna wanaopewa 200 kila wiki 3, mwisho wa siku ni kiasi kilekile. Manesi nawapa tano bila kufikiria, kuna dada mmoja Mfilipino ana mkono mwepesi sijapata kuona, anagusa mshipa mara moja tu. Toroli la chai na sandwichi linapita, chai sawa, sandwichi sizisemei.

Kilichonikera ni kusubiri. Naelewa dawa haichanganywi mpaka majibu ya damu yatoke, sawa, lakini miadi ya saa tatu asubuhi unaanza saa nane mchana na hakuna hata mtu wa kukwambia kinachoendelea? Barua za miadi nazo, kuna moja ilinifikia tarehe yenyewe imeshapita, bahati nesi alishanipigia.

Sasa kila mtu ananiuliza, inasaidia? Utafiti mkubwa wa steji ya 3 ulikuwa na watu 1,019, kundi moja pembro, lingine dripu isiyo na dawa. Baada ya miaka 5, ambao ugonjwa haujawarudia walikuwa kama 55 kati ya 100 kwa wenye dawa, na 38 kati ya 100 kwa wasio nayo. Zisome hizo namba taratibu. 38 wangekuwa salama hata bila dripu, 45 uliwarudia au walifariki pamoja na dripu, walionufaika kweli ni wale 17 wa katikati, na hakuna kipimo cha kukwambia wewe ni yupi. Daktari wangu alinipa nyingine, kwamba aina hii ya nyayoni huwa haiitikii dawa hizi vizuri kama ile inayotokana na jua, na tafiti zenyewe zimejaa wazungu. Nilimshukuru kwa kutonifichia, nikasaini.

Madhara sasa. Pembro inawaamsha askari wa mwili ambao saratani ilikuwa imewalaza, na wakishaamka hawachagui wa kumpiga: utumbo, mapafu, ini, ngozi, thairoidi (tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili). Mimi kwanza moyo ulikuwa unaenda mbio mikono inatetemeka, baadaye ikageuka, baridi hata ndani ya nyumba yenye hita, uzito juu, kuamka asubuhi ni vita, kumbe thairoidi imekufa. Sasa hivi nameza levothyroxine (homoni ya kuziba pengo la thairoidi) na nitaimeza maisha yangu yote. Kwenye ule utafiti thairoidi iliwalegea kama 14 kati ya 100, na madhara makubwa kabisa yaliwapata kama 15 kati ya 100. Na yanaweza kukuibukia hata miezi baada ya dripu ya mwisho, hilo lishike.

Ila kitu bora kwenye huduma yote hii, mimi nasema ni ile kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi yenye namba ya simu ya masaa 24. Niliipiga usiku wa manane tumbo linaendesha, mtu akapokea, akanihoji nimekwenda chooni mara ngapi zaidi ya kawaida yangu, kuna damu? usiku uleule nikapimwa na kuanzishiwa steroidi za kutuliza kinga. Shangazi yangu wa Tanga alishanitumia unga wa mlonge, upo kabatini, mfamasia alisema nisichanganye kitu bila kumwambia kwanza.

Bei: chupa ya miligramu 100 kwenye orodha ni paundi 2,630, kwa hiyo dozi yangu moja ni paundi 10,520. NHS (huduma ya afya ya serikali ya huku) wana punguzo lao la siri, mimi sikulipa hata senti, na vidonge vya thairoidi navyo bure. Walioko nyumbani, jibu la bima lipatikane kwa maandishi kabla ya dripu ya kwanza, sio baada.

Na kama tezi zako zimevimba unazishika kwa mkono na bado hujakatwa, muulize daktari kuhusu kuanza dripu kabla ya upasuaji. Utafiti wa 2023 uliwapa watu dozi 3 kabla na 15 baada, na kwa miaka 2 walifanya vizuri kuliko waliopewa zote 18 baada: waliokuwa bado salama ni 72 kati ya 100, wenzao 49. Mimi tezi yangu haikuwa inaonekana kwa hiyo sikuhusika.

Nyota iliyobaki wataipata siku miadi ya saa tatu itakapokuwa saa tatu. Gari acha nyumbani, parking yao ni wizi, basi linashusha mlangoni kabisa.