Uzoefu wangu: kununua leithi kwenye mnada wa karakana ya kiwanda, Dar es Salaam

Kwa mwenye haraka: mnada wa karakana unalipa, ila kwa fundi anayejua kuikagua mashine bila umeme. Huduma ya dalali naipa nyota tatu kati ya tano. Mashine niliyoipata, leithi ya kuchongea vyuma, naipa nne na nusu. Naeleza kwa kirefu kwa sababu mafundi wengi ninaowafahamu mtaa wa Gerezani, hapa Dar, wanaiogopa minada, wakidhani ni mambo ya watu wa magari na nyumba.

Kilikuwa kiwanda kilichofungwa, njia ya Pugu. Sitakitaja, wala kampuni ya udalali. Tangazo lao lilisema "mashine na vifaa mbalimbali vya karakana", likafuatiwa na ile sentensi ya minada yote: vitauzwa kama vilivyo na mahali vilipo. Yaani ukishalipa, ubovu ni wako na kuihamisha ni juu yako. Picha zilikuwa mbili, moja ya geti. Gari likinadiwa wanaandika mpaka namba ya chasisi, lakini leithi ya Colchester iliyotengenezwa Uingereza iliandikwa "mashine kubwa ya chuma, kijivu". Hapo ndipo walipopoteza nyota ya kwanza, ingawa kwa upande wangu uvivu huo ulinisaidia: wangeandika jina lake, wangejaa watu.

Kazi yote iko siku ya ukaguzi. Umeme ulishakatwa, kwa hiyo hakuna kuwasha wala kusikiliza gia. Nilibeba tochi, saa ya kupimia msogeo mdogo (dial gauge) yenye kitako cha sumaku, shafti fupi iliyonyooka na matambara. Mlinzi alinikazia macho: "Fundi, hapo usifungue kitu mpaka msimamizi aje." Msimamizi, kijana wa dalali, alikuja akaniruhusu nifungue mfuniko wa gia boksi. Kwa hilo nampongeza, maana wengine hukuonyesha mashine kwa mbali ukiwa nyuma ya kamba.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kitanda, yaani reli ndefu za chuma ambazo kigari hutelezea. Unasogeza kigari kinachobeba kisu hadi karibu na chaki (ile sehemu yenye taya inayobana kazi na kuizungusha), unakaza skrubu ya kukifungia mpaka kiwe kinasogea kwa shida kidogo, kisha unakisogeza kuelekea mwisho wa kitanda. Kitanda hulika upande wa chaki kwa sababu kazi nyingi zinafanyikia pale. Kikiwa kimelika sana, kigari kitagoma kikifika sehemu ambayo haijatumika. Hiki changu kilianza kuwa kizito baada ya kupita katikati, lakini kilifika mwisho. Kwa shafti fupi, bushi na pini za magari, ambazo ndizo mkate wangu, hiyo inatosha kabisa.

Baada ya hapo nikabana shafti kwenye chaki, nikaweka saa juu yake karibu na taya, nikanyanyua shafti kwa nguvu. Sindano ilisogea mistari miwili, milimita 0.02. Beringi nzima. Mpini wa slaidi ya kukatia ulizunguka kama robo mzunguko kabla kisu hakijasogea. Huo ni mchezo (ulegevu) mkubwa, lakini ni nati ya bronzi tu iliyolika, na nati naichonga mwenyewe. Meno ya gia nilimulika moja moja huku kijana akizungusha chaki kwa mkono. Mota nikainusa, haikuwa na harufu ya waya ulioungua. Kibati chake kilisomeka vizuri: fezi tatu, volti 415, hezi 50. Hiyo unaifunga kwenye laini ya fezi tatu ya TANESCO bila kuongeza chochote. Pembeni yake palikuwa na drili ya kusimama ya Kijapani, safi mno, inapendeza kwa macho, lakini kibati chake kinasema volti 200. Bila transfoma hiyo ni pambo. Siku ya mnada iligombewa vikali, na aliyeishinda nilimkuta anaulizia plagi yake inauzwa wapi.

Kilichonikosesha raha ni sanduku la gia za kubadilisha. Lilikuwa tupu. Skrubu ndefu ya mashine hii, inayosogeza kigari wakati wa kukata nyuzi za boliti, ni ya inchi, na wateja wangu karibu wote wanataka nyuzi za milimita. Ili upate hatua kamili ya milimita (umbali kati ya uzi na uzi) kwenye mashine ya inchi unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127. Namba hiyo haigawanyiki, kwa hiyo huwezi kuipunguza ukapata gia ndogo inayotoa jibu lile lile. Bila gia hiyo unakata nyuzi za kukaribia, na kwenye boliti ndefu zinakataa nati. Na stedi ya kushikia shafti ndefu nayo haikuwepo.

Nikazunguka karakana nzima. Nyuma, karibu na choo, palikuwa na lundo lenye kibandiko cha loti ya "mabaki": mabomba, flenji, minyororo iliyokatika, jiliwa lililopasuka taya. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Chini ya flenji stedi ilikuwa imelala, rangi ile ile ya kijivu, na pembeni yake waya uliotungwa gia kama sita hivi. Ile kubwa nikahesabu meno kwa kidole, nikarudia. 127. Nikarudisha flenji mahali pake, nikaondoka nikiongea na simu ambayo haikuwa imepigwa na mtu.

Siku ya mnada kuna makundi mawili, na ukishayatambua unajua bei itaishia wapi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapiga hesabu kwa kilo. Wao ndio sakafu ya bei: mashine yoyote haitashuka chini ya uzito wake. Wakifika pale faida yao inapokwisha wananyamaza wote kwa pamoja, na kuanzia hapo mnabaki mafundi na wafanyabiashara wa mashine. Leithi ilianza milioni moja. Watu wa skrepa wakaniacha mapema, nikabaki na mzee mmoja mwenye kofia ambaye nadhani ananunulia mtu wa mkoani. "Sita na laki nne, mzee wangu, unamwachia kijana?" dalali akamuuliza. Mzee akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Milioni 6 na laki 4, mara ya kwanza, mara ya pili, ikagongwa.

Lundo ndilo lililonitoa jasho zaidi, kwa sababu lile lilikuwa eneo lao. Jamaa wa skrepa alishangaa fundi anang'ang'ania takataka, akapandisha kwa hasira tu. Nililichukua kwa laki 7 na 80. Baada ya kutoa stedi, gia na chaki ya taya nne ambayo sikuwa hata nimeiona, nilimpigia yeye yeye akaja na mizani yake, nikamuuzia yaliyobaki kwa shilingi 900 kwa kilo. Ikarudi kama laki 4 na 30. Tumekuwa marafiki, sasa hivi akikuta venia ya kupimia au tupa nzima kwenye mzigo wake ananitafuta kwanza.

Vifaa vidogo vilikuwa na uonevu wa namna yake. Ndoo ya bisi za drili za Sheffield, zenye mkia mnene wa kuingia kwenye teilistoki (sehemu ya leithi inayokabili chaki), ilikwenda bei ya sahani za chakula, huku grenda mbovu zikipanda karibu na bei ya dukani. Mimi hela ilishaisha.

Malipo sasa. Asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya muda wa tangazo, ukichelewa amana inakwenda. Hilo lilikuwa wazi. VAT ya asilimia 18 pia ilikuwa kwenye tangazo, ila kwa maandishi ya chini kabisa, na niliwaona watu wakibishana dirishani. Nilichokasirikia ni risiti. Nililipa zote, nikaambiwa njoo kesho, kesho ikawa keshokutwa. Chuma kikiwa barabarani kwenye Fuso utasimamishwa na kuulizwa karatasi, kwa hiyo bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikutoa kitu, na wakati huo huo walinidai ada ya kuchelewa kuondoa mzigo. Nilikataa, wakafuta. Nyota ya pili ilipotelea pale.

Wakati wa kupakia, kaa hapo mwenyewe. Vibarua wa pale walishaanza kuzungusha mnyororo kwenye skrubu ndefu ya leithi. Ikinyanyuliwa hivyo inapinda, na hakuna fundi wa kuinyoosha ikawa kama mwanzo. Tulipitisha mikanda ya kitambaa chini ya kitanda, tukasogeza kigari upande wa nyuma ili uzito usawazike na kichwa, maana upande wa gia ndio mzito, kisha kreni ikanyanyua taratibu. Kreni na Fuso ni laki 5 na 50 mpaka karakana kwangu.

Jumla, pamoja na VAT na baada ya kutoa pesa ya skrepa, imenisimamia kama milioni 8 na laki 6. Nimebadilisha mikanda, kontakta moja na oili, na ile nati ya bronzi niliichonga kwenye leithi hiyo hiyo. Dalali huyo akitangaza karakana nyingine nitakwenda siku ya ukaguzi. Na nitaanzia kwenye lundo la nyuma.