Prado ya mjini kuwa gari la porini: nini ununue kwanza na nini kisubiri

Mtu kanunua Prado 120 yake safi kutoka Japani, ya kwendea kazini na kupeleka watoto shule, baadae anapata shamba huko ndani ndani au anaanza kupenda safari za Natron na Ruaha, sasa anataka aigeuze iwe gari la porini kabisa. Hela ipo kiasi. Kitu cha kwanza anachokuja nacho ni bampa la chuma na winchi, ile mashine ya kamba ya kujivutia ukikwama, kwa sababu ndo vinaonekana. Mimi nilianza hivyo hivyo na nimelipa gharama yake, kwa hiyo naomba usome mpangilio huu kabla hujatoa hata shilingi.

Ilikuwa njia ya Mto wa Mbu kwenda Natron, mbele ya Engaruka, pale kwenye makorongo ya mchanga. Gari ina bampa jipya, winchi mpya, tairi zile zile za lami zilizokuja na gari zikiwa zimejaa upepo wa PSI 35. Ikazama mpaka ekseli ya nyuma ikagusa. Nikatoa kamba ya winchi, nikaangalia kulia na kushoto, hakuna mti wa kufungia ndani ya urefu wa ile kamba, ni mchanga na mawe madogo tu. Tumechimba kwa mikono na sahani kwa karibu masaa mawili jua linawaka, akaja mzee mmoja na Land Cruiser yake ya zamani ya kubebea mizigo, akasimama pembeni pagumu, akashuka. "Mwanangu, mbona hujatoa upepo?" Akachuma kijiti, akapiga magoti akabonyeza pini ya valvu, tairi ikaanza kulia shiiii mpaka ubavu ukatuna kidogo kule chini, akafanya zote nne. Nikaweka lo, yaani ile gia nzito ya mwendo mdogo wa 4x4, nikakanyaga taratibu, gari ikapanda yenyewe. Winchi haikuguswa. Toka siku hiyo namba moja kwangu ni tairi na upepo wake, na hapo sibadiliki.

Lakini kabla hata ya namba moja hakikisha gari yenyewe inafaa. Prado 90 na 120, Hilux Surf, Pajero na zile Escudo zenye lo ni msingi mzuri. RAV4 na X-Trail ni gari nzuri sana kwa barabara ya vumbi ila hazina lo, hela ya kuzigeuza ni bora uiweke kwenye gari nyingine. Na bushi zilizokufa, boljointi zinazocheza, rejeta inayovuja, hivyo vitengenezwe kwanza, maana porini hakuna kifaa cha kuficha ubovu wa gari.

Haya, tairi. Prado 120 nyingi zinakuja na 265/65R17. Ukienda 265/70R17 kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, kwa hiyo difu ya nyuma inapanda kutoka chini milimita 13, na spidomita ikisoma 100 wewe unakwenda kama 103, jua hilo kwa ajili ya tochi za trafiki. Kwa kawaida inaingia, ila kata usukani mpaka mwisho pande zote uangalie kama haigusi plastiki ya ndani. Aina ya meno: kama gari bado inapita lami siku tano za wiki chukua A/T, zile za mchanganyiko. M/T zenye makucha makubwa zinapiga kelele, zinakula mafuta na kwenye lami yenye maji zinachelewa kusimama, ila niseme ukweli, kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika A/T inajaa tope inakuwa laini kama mkate na hapo M/T ndo mwanaume. Kama gari imeshastaafu mjini, weka M/T. Tafuta zenye herufi LT mbele ya saizi, ubavu wake ni mgumu zaidi, na ubavu ndo unaochanwa na mawe. Na tafadhali soma tarehe ya kutengenezwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno yote na mpira umeshakauka, ukiona vijinyufa katikati ya meno iache.

Pamoja na tairi nunua geji na kompresa inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, siyo ile ya kwenye kiberiti cha gari inayochemka kabla ya tairi ya pili. Mimi kwenye lami naweka 33, barabara ya vumbi yenye makorogesheni (yale mawimbi mawimbi yanayotikisa gari) 26 hadi 28, mchanga laini 18. Chini ya 15 rimu inaweza kuachana na tairi ukikata kona. Ukishusha upepo mwendo nao ushuke, na ukifika lami jaza kabla hujaondoka.

Namba mbili ni vifaa vya kujinasulia, na ukiacha zile mbao za plastiki za kuweka chini ya tairi, ambazo nzuri bei imechangamka, vingi ni vya bei rahisi. Beleshi, jeki ya Tanganyika na ubao mnene wa kuikalisha isizame, kamba inayonyumbuka na D-sheko, vile vyuma vya umbo la D vya kuungia kamba, zilizoandikwa uzito. Usije ukafunga kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi na kimeshaua watu sehemu nyingi duniani. Funga kwenye ndoano iliyoshikwa kwenye chasisi.

Namba tatu, shokapu na springi. Hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Mimi fundi alinishauri niweke vipande vya kunyanyulia juu ya shokapu za mbele, rahisi, nusu siku kazi imeisha, gari ikasimama vizuri mpaka majirani wanapiga picha. Miezi michache mbele naona grisi imerushwa rimu nzima kwa ndani: mipira inayofunika jointi za CV, zile za kupeleka nguvu kwenye tairi za mbele, imechanika kwa sababu jointi zilikuwa zinazunguka zimepinda kuliko zilivyotengenezewa. Prado mguu wa mbele kila mmoja unajitegemea, kwa hiyo inchi 2 inatosha, ukizidisha hapo jiandae na arm za juu mpya. Nunua seti kamili, springi na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, Old Man Emu ya Australia inajulikana sana huku kwetu, na mwambie muuzaji uzito unaobeba kila siku siyo wa siku moja kwa mwaka. Halafu alaimenti siku hiyo hiyo.

Namba nne, bamba la chuma chini ya injini na giaboksi, plus bomba za pembeni chini ya milango. Mafundi wa Arusha wanaotengeneza magari ya utalii wanazijua hizi kazi miaka mingi, waambie tu waache tundu la kumwagia oil.

Namba tano maji. Watu wanakimbilia snokeli, lile bomba la kupandisha juu pua ya hewa ya injini, na ni muhimu kweli, injini ikinyonya maji koni rodi inapinda hapo hapo kwa sababu maji hayabanwi. Ila kuna mpira mdogo wa bei ndogo unaosahaulika: wa kupumulia difu. Difu ya moto ikiingia maji ya baridi inavuta hewa, na kama pua yake iko chini inavuta maji, ukija kufungua oil inatoka rangi ya chai ya maziwa. Vuta huo mpira mpaka juu kwenye boneti.

Difu loki ya nyuma, inayofanya tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, ni namba sita, baadhi ya Prado zimekuja nayo kiwandani kwa hiyo angalia swichi kwanza.

Winchi namba saba. Uzito wa gari ikiwa imejaa mara moja na nusu: Prado iliyojaa inakaribia kilo 2,850, ukizidisha unapata kama 4,275, ndo maana ya 9,500 lb inatosha. Chukua kamba ya nyuzi siyo waya, na kumbuka winchi na bampa lake zinaongeza uzito mbele, kwa hiyo kama unajua utaweka sema mapema wakati wa kununua springi.

Mwisho kabisa taa za ziada na keria. Keria ukiweka, majerikeni ya maji na mafuta yasikae juu, Prado iliyonyanyuliwa halafu ikabebeshwa kilo 100 kichwani inayumba vibaya kwenye kona. Mimi mafuta nafunga nje nyuma, na maji nayaweka sakafuni nyuma ya siti ya dereva.