Pawabanki au adapta: kipi umpe kijana kabla ya safari?

Kwa kijana anayesafiri na familia kwenda ng'ambo mara ya kwanza, zawadi ndogo mbili hushindana: pawabanki, yaani betri ya kubeba ya kuchajia simu, na adapta ya plagi.

Pawabanki ndiyo atakayoifurahia akifungua tu. Lakini ina masharti. Haiwekwi kwenye begi linalokabidhiwa kaunta. Inabebwa mkononi, na kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 10,000 (ujazo wa betri unaoandikwa ubavuni) ina takriban Wh 37, haina shida, na hata ya 20,000 bado imo, kama Wh 74. Zile za mtaani zisizoandikwa chochote ubavuni ziacheni. Mkaguzi anaweza kuichukua palepale, na hapo mtoto ananuna hadi mfike. Shirika la ndege la Emirates, tangu Oktoba 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria, tena isitumike ndani ya ndege.

Adapta haina mbwembwe. Ni nyepesi, bei yake ndogo, na hakuna anayeiulizia uwanjani. Ila thamani yake inategemea mnakokwenda. Plagi zetu za miguu mitatu, Kenya na Tanzania, ndizo za Uingereza, Dubai na Muscat, kwa hiyo huko italala begini. Istanbul au Berlin ni matundu mawili ya duara. Marekani ni miguu bapa, tena umeme ni volti 120: chaja ya simu kwa kawaida inamudu, pasi ya nywele huenda isimudu.

Mimi, kwa Dubai, pawabanki ya 10,000. Kwa Istanbul, adapta, na kila mtoto yake, wasije wakagombana hotelini.